Nilivyomuuza Konda

Mimi kukaa siwezi. Hata sasa ninavyokusimulia nimesimama. Mama hunitania kwamba nilianza kutembea kabla ya kutambaa, na pale kijijini kwetu, kando ya barabara ya kutoka Bariadi kwenda Maswa, hakuna atakayekuambia amewahi kuniona nimemaliza kikao, au ibada, au mstari mmoja wa pamba wa kupalilia. Nilijifunza cherehani nikaacha. Nikaenda Mwanza kupiga debe stendi, mwezi haujaisha nikarudi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na kila nilichokishika kilikuwa nusu. Na ukinisema, nakuwa mkali. Hasira ninayo, sifichi.

Baba yangu, Mzee Ndaki, si mtu wa hivyo. Yeye akianza jambo hata umpigie ngoma mlangoni hatageuka. Alikuwa na maksai wawili aliowafundisha mwenyewe tangu wakiwa madume wadogo, na majina aliwapa ya kwenye basi. Wa kulia aliitwa Dereva, wa kushoto aliitwa Konda, kwa sababu mlango wa basi uko kushoto na konda ndiye anayesimama mlangoni. Watu walicheka. Lakini baba alikuwa na maana yake. Maksai ukishamzoesha upande, huo ndio upande wake mpaka anazeeka. Wa kulia anatembea ndani ya mfereji uliokwisha kulimwa, wa kushoto anatembea juu, kwenye ardhi ngumu. Na wale wawili walikuwa wamezoeana kiasi kwamba mmoja akisimama kukojoa, mwenzake anasimama anamsubiri. Baba alikuwa analima nao bila mtu wa kushika kamba mbele. Anawaambia tu, "Haya, safari," na wanakwenda.

Haya yote nilikuwa nayajua tangu mtoto. Hapo ndipo panaponiuma.

Mwezi wa nane, wakati wa kupeleka pamba ghalani, tela lilipinduka na kumwangukia baba, likamvunja mfupa wa paja. Akapelekwa hospitali Mwanza, na mama akaenda naye kumuuguza. Nyumba, ng'ombe, kila kitu, nikaachiwa mimi. Baba alikuwa amelazwa nyuma ya gari, uso umejaa jasho kwa maumivu, akanishika mkono akasema, "Sayi, ng'ombe." Basi, hilo tu. Nikamwambia, "Baba, usiwe na wasiwasi wowote."

Wiki ya kwanza nilichunga vizuri. Ya pili nikaanza kukaa kando ya barabara kuangalia bodaboda zinavyopita. Wenzangu wote walikuwa juu ya pikipiki, miwani myeusi, muziki, leo Bariadi kesho Lamadi, na mimi niko na fimbo na vumbi. Nikawa naumia kabisa. Wiki ya tatu nikaenda mjini kwa Imrani, mfanyabiashara mwenye duka la vipuri anayenunua ng'ombe pia. Nje ya duka lake kulikuwa na pikipiki nyekundu, imetumika lakini iko vizuri. Akaniambia tubadilishane, nimletee ng'ombe. Nikamtajia dume wetu wa miaka mitatu. Akacheka. "Dume mbichi nitamfanyia nini? Niletee maksai anayejua kazi."

Sikiliza sasa akili yangu ya wakati ule. Nilijiambia kwamba kiangazi maksai hawana kazi, wanakula tu. Mvua ikija nitamfunga yule dume kwenye nafasi ya Konda, mbona ana nguvu kuliko hata Konda mwenyewe? Ng'ombe ni ng'ombe. Nilikuwa nafikiria kama mtu wa tairi, moja likiisha unafunga jingine. Nikaenda kwa mtendaji wa kijiji kuomba kibali cha kuuza, nikamdanganya kwamba baba amenituma, matibabu yamembana. Mtendaji akanipa pole. Akanisifu kabisa kwamba nimekuwa mtu mzima. Nikapokea karatasi ile, nikampeleka Konda mjini kwa kamba, na kurudi nikarudi na pikipiki, naimba.

Baba alirudi mwezi wa kumi, na magongo mawili. Kabla hajakaa, kabla hajanywa maji, akaangalia zizini.

"Konda yuko wapi?"

Uongo ulikuja wenyewe, wala sikuutafuta. "Nimempeleka Mkula kwa baba mdogo. Huku majani yamekwisha, kule karibu na ziwa bado yapo." Kwetu ng'ombe kulala zizi la ndugu ni jambo la kawaida, hakuna anayeshangaa. Pikipiki nikasema ni ya rafiki, nampelekea hesabu yake kila jioni.

Baba ndipo akakaa, akapokea maji. Akasema, "Umefanya vizuri."

Ndugu yangu, maneno hayo mawili baba hajawahi kuniambia maishani. Nimengoja miaka ishirini na mitatu, na nimekuja kuambiwa kwa uongo. Niliwasha pikipiki nikaondoka mbio, sijui hata nilikuwa nakwenda wapi. Kuanzia siku hiyo chakula hakipiti vizuri. Nikikaa kijiweni naona kila anayetoka upande wa Mkula ni baba mdogo. Nikiwa nyumbani naona baba anaangalia zizi. Nikawa mtu wa kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, abiria wenyewe wakaanza kunikimbia kwa ajili ya mwendo.

Halafu mvua ikanyesha. Mapema, wiki ya kwanza ya Novemba, mvua kubwa ya mchana mmoja, na ardhi ikalainika vizuri kabisa. Mtu wa kwetu anajua maana yake. Una siku chache za kulima na kupanda mahindi, kisha pamba, na ukichelewa umekosa mwaka mzima. Ekari tano, baba na magongo, mama na mgongo wake. Na mvua ya kwanza hakuna anayekuazima ng'ombe, kila mtu yuko shambani kwake. Bila jozi ya maksai, nyumba yetu ilikuwa inakwenda kulala njaa, na sababu ni mimi.

Baba akaniambia asubuhi, "Leo nenda Mkula kamlete Konda. Kesho tunaanza."

"Sawa, baba."

Nikaenda kwa Imrani badala ya Mkula. Alikuwa anakunywa chai na maandazi dukani.

"Imrani, naomba ng'ombe wangu. Chukua pikipiki yako."

"Ng'ombe wako?" Akaweka kikombe chini. "Sayi, kwani mimi zizi ninalo hapa? Nilimuuza wiki ile ile. Yuko Maswa, kwa mama mmoja anaitwa Justina. Na usinikunjie uso. Karatasi uliniletea wewe mwenyewe, na muhuri juu."

Nilitaka kumtukana lakini tusi halikutoka, kwa sababu alikuwa anasema kweli. Akanielekeza kijiji na njia. Nikakimbiza pikipiki mpaka Maswa, matope yananirukia usoni, na njia nzima nilikuwa na wazo moja tu, nimpate Konda kabla jua halijazama.

Nilimwona kabla sijafika kwenye nyumba. Alikuwa shambani, amefungwa nira na maksai mwingine mdogo, na mama mmoja mnene mwenye kitenge kiunoni alikuwa ameshika plau huku binti yake anavuta kamba mbele. Walikuwa hawaendi. Konda alikuwa anasukuma kwenda kushoto, anampanda mwenzake, kamba zinajisokota, plau linaruka juu. Walikuwa wamelima mistari miwili tu, na yote imepinda. Yule mama alikuwa analia kwa hasira, anamchapa Konda na fimbo mgongoni. Konda ana alama mgongo mzima. Moyo wangu ulikatika, nakuambia.

"Mwadila, mayu," nikamsalimia.

"Mwadila." Akajifuta uso. "Kama unatafuta njia, nenda mbele huko. Mimi nina kazi na shetani huyu."

"Nimekuja kwa ajili ya huyo ng'ombe. Nakupa pikipiki hii, unipe yeye."

Alinitazama, akaitazama pikipiki, akaanza kucheka kicheko kibaya. "Pikipiki italima? Kijana, mume wangu amekufa mwaka jana. Maksai wangu mmoja amekufa mwezi wa saba. Nimeuza mbuzi wote kumnunua huyu. Mvua imeshanyesha. Halafu unanipa pikipiki?"

Nikambembeleza. Akakataa. Nikaongeza sauti. Akaongeza zaidi yangu. Ndipo nikaona sikio la Konda, lile la kushoto lenye alama ya baba, mikato miwili ya pembeni, kila mtu kwetu anaijua. Na nikajua dawa iko wapi.

Kwetu ng'ombe wa wizi hana mjadala. Nikisema tu kwamba huyu ni ng'ombe wa Mzee Ndaki, alama hii hapa, mwenyewe hakumuuza, sungusungu wa kulinda kijiji wangejaa pale ndani ya saa moja. Na nusu yake ilikuwa kweli, mwenyewe hakumuuza. Konda angerudi nyumbani leo leo. Huyu mama angebaki kujieleza ng'ombe alimpataje.

Nikafungua mdomo. "Mama, huyu ng'ombe alama yake mimi naijua. Ni ng'ombe wa…"

Lo, usingetaka kumwona yule mama. Fimbo ilimponyoka mkononi. Hakupiga kelele tena. Alimvuta binti yake nyuma yake, kama mtu anayeona nyoka, akasema kwa sauti ndogo, "Usiniambie ni wa wizi. Tafadhali. Usiniambie hivyo."

Sijui kilichonipata. Miguu yangu ilikuwa inataka kukimbia, kama kawaida yake, na pikipiki iko pale, ufunguo uko mkononi. Lakini nilimwona yule mama nikaona nimemfanyia vile vile nilivyomfanyia baba, na huyu hata jina la mtoto wake silijui. Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Si wa wizi," nikasema. "Ni wa baba yangu. Aliniachia mimi nimtunze, mimi nikamuuza kwa uongo. Mwizi ni mimi. Wewe umenunua kihalali."

Justina alikaa chini kwenye matope, hapo hapo. Kisha akasema, "Baba yako analima na nini sasa?"

"Hana."

"Shenzi kabisa wewe," akasema.

Nikavua viatu nikaingia shambani. Nikawafungua nira, nikawabadilisha. Yule mdogo nikamweka kulia kwenye mfereji, Konda nikamweka kushoto. "Mama, huyu umemfunga upande usio wake. Ni wa kushoto huyu. Na usimchape. Anaitwa Konda. Mwambie 'Haya, safari,' kwa sauti ya kawaida tu."

"Safari gani?"

"Wewe mwambie."

Justina akashika plau, akasema kwa shaka, "Haya, safari." Konda akanyanyua kichwa. Akaninusa mimi kwanza, anajua harufu yangu, akasubiri sauti ya baba nafikiri. Kisha akavuta. Wakalima mstari mzima mpaka mwisho, umenyooka, na yule binti akaanza kupiga vigelegele. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya shamba la watu nalia kama mtoto mdogo. Justina aliporudi na mstari wa pili hakusema asante na sikustahili. Alisema tu, "Nenda kamwambie baba yako. Na umwambie leo." Nikaenda.

Nilimkuta baba amekaa nje ya nyumba, nira ameshaitoa stoo, ameipaka mafuta, kamba mpya amezisokota mwenyewe. Mama alikuwa anachambua mbegu. Nikasimama mbele yao nikasema yote. Kibali, Imrani, Mkula, Justina, fimbo mgongoni kwa Konda, yote. Nilisema haraka haraka kwa sababu nilijua nikipumzika nitaanza kupunguza.

Baba alinitupia gongo. Lilinipata begani vizuri, nikaanguka. Mama akapiga kelele, "Baba Sayi!" Baba akabaki amekaa, maana gongo moja liko kwake na jingine liko kwangu, na bila mawili hawezi kunyanyuka. Nikaamka, nikaliokota, nikampelekea. Nilikuwa najua anaweza kunipiga nalo tena. Akalipokea, akaliweka pembeni.

"Amekonda?" akauliza.

"Hapana, baba. Ana nyama. Mgongo tu ndio umechapwa."

"Ulimwambia huyo mama kwamba hapigwi?"

"Nilimwambia."

Baba akageuza uso upande wa barabara, na mabega yake yakaanza kutetemeka. Mimi baba yangu sijawahi kumwona akilia, hata alipovunjika mguu. Nikaweka ufunguo wa pikipiki miguuni pake. Baada ya muda akausukuma kwa ncha ya gongo ukanirudia. "Nitaendesha na mguu gani? Uza hiyo takataka, tupate mbolea. Kesho funga dume."

Kumfunga nira dume ambaye hajawahi kufungwa si kazi ya siku moja. Ni kazi ya kiangazi kizima, unamvutisha gogo kwanza, unamtembeza. Sisi hatukuwa na kiangazi, tulikuwa na siku. Tukamfunga kushoto, Dereva kulia, na ilibidi mtu ashike kamba mbele. Kwetu anayeshika kamba mbele ya ng'ombe ni mtoto wa darasa la tatu, la nne. Mtu mzima anashika plau. Lakini mbele palihitaji nguvu, na plau baba alisema hataki kuniona nimelishika. Basi mama akashika plau, na mimi Sayi, na ndevu zangu, nikatangulia mbele na kamba.

Siku ya kwanza dume alinikanyaga kidole, ukucha ukatoka. Alilala chini mara saba. Alikimbia na nira mpaka kwenye barabara, Dereva anavutwa, mama anapiga mayowe. Dereva mwenyewe alikuwa anasimama katikati ya mstari na kugeuza kichwa kushoto, anatafuta. Hiyo ndiyo ilikuwa inanimaliza. Shamba letu limegusa lami, na wenzangu wa kijiweni walikuwa wanapita na honi. "Sayi, umeandikishwa shule ya msingi?" "Mama, huyo mtoto wako wa mbele mpe uji!" Hasira ilikuwa inapanda mpaka kichwa kinauma. Nilitaka kuitupa kamba niwafuate. Nilitaka kwenda Mwanza, Geita, popote. Kila tulipofika mwisho wa mstari unaogusa barabara nilikuwa najisemea, sasa naondoka, na kabla sijamaliza kusema ilibidi nigeuze ng'ombe, kwa sababu usipowageuza mapema wanavunja nira.

Baba alikuwa anakaa kwenye kiti chake kando ya shamba tangu asubuhi. "Legeza kamba! Unamnyonga! Mwache aone njia!" Hayo tu. Jina langu hakulitaja siku tano.

Siku ya sita dume alivuta mistari minne bila kulala. Ilikuwa imepinda, usiniulize, lakini ilikuwa mistari. Mahindi tukayapanda yote. Za pamba tukapata ekari mbili, mbili nyingine ikabidi tuziache, na hizo mbili zitatusumbua mwaka mzima, sitakudanganya.

Siku ya nane, Ijumaa, akaja Mzee Sylvester, jirani yetu, aliyekuwa na maksai mmoja anachechemea. Akaenda moja kwa moja kwa baba, kama inavyopaswa, wakasalimiana, wakaulizana habari za mguu na za mvua. Mimi nilikuwa karibu nafungua nira, nasikia kila kitu. Akasema shida yake. Anaomba jozi ya ng'ombe, siku mbili tu.

Baba akasema, "Mimi sina ng'ombe wa kulima. Mwenye ng'ombe ni yule. Muulize."

Mzee Sylvester akacheka. "Sayi huyu?" Baba hakucheka. Mzee akaacha kucheka, akavua kofia, akakatiza mistari kuja kwangu.

"Ng'wana Ndaki," akaniita, mwana wa Ndaki, namna wanaume wanavyoitana kwetu. "Mwadila. Nimekuja kwako na shida."

Nikamtazama baba anisaidie. Alikuwa amegeukia upande wa nyumba, makusudi kabisa. Nikaangalia shingo ya dume. Palipokaa nira palikuwa pamechubuka, pekundu. Zamani ningesema chukua, ili tu aondoke na mimi niondoke.

"Leo siwezi kukupa, mzee," nikasema. "Shingo ya dume imechubuka, na huyu hajazoea mtu mgeni. Jumatatu nitakuja nao mwenyewe. Nitashika kamba mimi, siwaachi."

"Wewe mwenyewe? Jumatatu?"

"Jumatatu asubuhi."

Mzee Sylvester akafikiri kidogo, akavaa kofia. "Wabeja," akanishukuru. "Basi mimi sitatafuta kwa mwingine." Akaondoka. Nikamaliza kufungua nira, nikampangusa dume shingo. Ilikuwa mara ya kwanza mtu mzima kuondoka mbele yangu akiwa ameniamini kwa neno tu, na Jumatatu ilikuwa bado siku tatu.